Bibi wa mchumba wangu aliangukiwa na majivu ya bomu mwaka 1954. Je, watoto wetu watakuwa salama?

SWALI: "Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga. Naishi Springdale, jimbo la Arkansas, na nafanya kazi kiwanda cha kuku. Mji huu una watu wengi wa Visiwa vya Marshall, na Mungu akipenda mwakani nitamwoa mmoja wao. Bibi yake alikuwa mtoto wa miaka sita kule Utirik Wamarekani walipolipua lile bomu kubwa mwaka 1954. Ana kovu shingoni na hunywa kidonge kila asubuhi. Mama mkwe alizaliwa Utirik miaka ya baadaye. Mchumba wangu amezaliwa Majuro, mji mkuu. Shangazi yangu kasikia habari hizi na anaapa nitazaa watoto wenye ulemavu. Mimi nimesoma mtandaoni kwamba visiwa hivyo vina mionzi mingi kuliko Chernobyl, pale kinu cha nyuklia kilipolipuka mwaka 1986, halafu pengine nikasoma kwamba wanasayansi wamepima na kusema ni salama. Nimwamini nani? Ndugu zao wakija hutuletea samaki wa chumvi na tunda la mkadi lililokaushwa. Nakula kwa heshima, lakini roho haitulii. Na familia inataka baada ya harusi twende Majuro na tufike Utirik. Nifanyeje?"

JIBU: Ndugu yangu, najua unasoma ukiwa na roho juu, kwa hiyo nianze na unachokitafuta. Oa. Hakuna ushahidi kwamba mionzi aliyoipata bibi yake mchumba wako itawafikia watoto wenu. Samaki na mkadi kula. Utirik unaweza kwenda. Mtu ninayetaka umfikirie zaidi katika barua yako ni bibi mwenyewe, na nitamrudia baadaye, maana yeye ndiye aliyeumia kweli.

Lakini jibu la "usijali" peke yake halitamtosha shangazi yako, na kusema kweli lisikutoshe hata wewe. Watu wa Marshall wamekwisha kuambiwa "msijali" mara nyingi na waliowaambia walikosea. Kwa hiyo nitakueleza jambo lenyewe linavyofanya kazi, uone kwa nini naweza kusema ninachosema, na wapi nisingethubutu kukisema.

Kati ya mwaka 1946 na 1958 Marekani ililipua mabomu 67 ya nyuklia katika atoli mbili (pete za visiwa vidogo vya matumbawe) za kaskazini ya visiwa hivyo, Bikini na Enewetak. Watu wa Bikini, 167 kwa idadi, walihamishwa Machi 1946 kwa ahadi kwamba ni kwa manufaa ya wanadamu wote. (Nisiliache hili lipite: sehemu kubwa ya urani iliyoendesha mradi wa mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa mikono ya watu ambao wajukuu wao leo wanazungumza Kiswahili kama mimi na wewe. Sisi hatuko mbali sana na habari hii kama tunavyodhani.)

Bomu analolikumbuka bibi liliitwa Bravo. Lililipuliwa Bikini alfajiri ya tarehe 1 Machi 1954. Waliolitengeneza walitegemea nguvu ya takriban megatoni 6. Likatoa 15, kama mara elfu moja ya bomu la Hiroshima, kwa sababu aina ya lithiamu waliyodhani itakaa kimya ndani ya bomu iliingia nayo katika mlipuko. Bomu lilikuwa karibu na usawa wa mwamba, kwa hiyo lilisaga mamilioni ya tani za matumbawe, likayavuta juu angani, na yale matumbawe yakarudi chini yakiwa unga mweupe uliojaa mionzi. Upepo ulikuwa ukivuma kuelekea mashariki. Rongelap, kama kilomita 160 kutoka Bikini, ilianza kupata unga huo baada ya saa chache tu. Watoto waliuchezea. Uliingia kwenye maji ya kunywa, ukatua kwenye chakula na kwenye nywele zilizopakwa mafuta ya nazi. Meli ya wavuvi wa Kijapani iliyoitwa Daigo Fukuryu Maru, yenye watu 23, ilikuwa njiani mwa unga huohuo. Fundi wake wa redio, Kuboyama Aikichi, alifariki Septemba mwaka uleule. Utirik iko mbali zaidi, na unga ulifika huko siku ya pili ukiwa umepungua sana, kama ukungu. Watu wa Rongelap waliondolewa tarehe 3 Machi, wa Utirik tarehe 4.

Hapa ndipo kosa kubwa la watu wengi linapoanzia, na nadhani shangazi yako amo. Wanasikia "mionzi" na kudhani ni kitu kimoja kinachoingia mwilini, kikakaa, kikarithiwa, hata kikaambukiza. Kuna mambo mawili tofauti. Mtu aliyeota moto haondoki na moto. Aliyelala jivuni huondoka na jivu. Mionzi inayopita mwilini kutoka nje humuumiza mtu wakati ule inapopita, kisha basi, haibaki ndani yake. Kinachoweza kubaki ni chembechembe za vitu vinavyotoa mionzi, pale mtu anapovila, kuvinywa au kuvivuta kwa pumzi. Na hata hizo kila moja ina tabia yake: kuna zinazoisha kwa siku chache, kuna zinazotoka na mkojo, kuna zinazokimbilia mfupani.

Bibi alipata yote mawili. Ile ya nje, kwa watu wa Utirik, imekadiriwa kuwa karibu grei 0.1 (grei ni kipimo cha mionzi iliyoupiga mwili). Wa Rongelap walipata karibu grei 2, kiasi cha kutapisha, na unga wenyewe uliogusa ngozi ukawanyonyoa nywele na kuwachoma. Zidisha hizo grei 2 mara mbili tu na bila tiba nusu ya watu wangekufa. Kwa kiasi cha Utirik, hesabu inayotumiwa na wataalamu wa kinga ya mionzi ni kwamba katika kila watu 200 waliopata kiasi hicho, kama mmoja atakufa kwa saratani ambayo vinginevyo asingeipata. Si kidogo kwa huyo mmoja na watu wake, lakini si hukumu ya kifo kwa kijiji.

Kilichomuumiza bibi zaidi ni iodini. Shingoni tuna tezi ya thairoidi, ile inayovimba mtu akipata rovu. Tezi hiyo huhitaji iodini kutengeneza homoni zinazoendesha joto la mwili, ukuaji na nguvu, na haiwezi kutofautisha iodini ya kawaida na ile yenye mionzi iliyozaliwa na bomu. Inazifyonza zote. Kwa mtoto tezi ni ndogo, kwa hiyo kiasi kilekile cha iodini kinaipiga kwa nguvu kubwa zaidi kuliko ya mtu mzima. Iodini-131 hupungua nusu kila siku nane, na aina nyingine zilizokuwa kwenye unga ule huisha kwa saa tu. Miezi michache baada ya Bravo iodini ile yenye mionzi ilikuwa imekwisha kutoweka. Madhara yake ndiyo yaliyochelewa. Uvimbe wa kwanza kwenye tezi za watu wa Rongelap ulionekana mwaka 1963, miaka tisa baadaye, na wengi wa waliokuwa watoto chini ya miaka 10 waliupata. Utirik ulichelewa zaidi, na hapo ndipo madaktari walipotambua kwamba kisiwa walichokihesabu kuwa kimepona hakikuwa kimepona. Bila kumwona bibi siwezi kusema alifanyiwa nini. Lakini kovu la shingoni na kidonge cha kila asubuhi vinaelekea huko: huenda sehemu ya tezi au yote iliondolewa, na kidonge ni homoni ya kuziba pengo.

Sasa watoto wenu. Ili mionzi ya bibi imfikie mjukuu wake na kitukuu, ingebidi iwe imebadilisha chembe za uzazi ndani ya mayai ya bibi, mabadiliko hayo yapite kwa mama mkwe, yapite tena kwa mchumba wako. Kwa nzi na panya wa maabara waliopigwa mionzi mingi, mabadiliko ya kurithi yameonekana. Kwa binadamu yametafutwa kwa bidii na muda mrefu, hasa Japani, ambako watoto wapatao 77,000 waliozaliwa na manusura wa Hiroshima na Nagasaki wamefuatiliwa kwa miongo mingi. Haikuonekana ongezeko la ulemavu wa kuzaliwa, wala la magonjwa ya kurithi, wala la saratani, ukilinganisha na watoto wa wazazi ambao hawakupigwa. Hii haimaanishi hatari ni sifuri kabisa. Inamaanisha kwamba kama ipo ni ndogo mno hata utafiti mkubwa namna ile haukuiona. Na baadhi ya wazazi wale walipata mionzi ya nje mingi kuliko bibi.

Shangazi yako hakuota, lakini. Wanawake wa Rongelap wamesimulia kwa miaka mingi mimba zilizoharibika na watoto waliozaliwa bila umbo la mtu, na taarifa za madaktari wa Marekani wenyewe zilionyesha kwamba katika miaka michache ya mwanzo mimba ziliharibika zaidi kwa wanawake walioangukiwa na unga kuliko kwa wenzao ambao hawakuwapo. Inajulikana pia, kutoka Japani, kwamba mtoto aliyekuwa tumboni wakati wa mlipuko, hasa kati ya wiki ya 8 na ya 15, anaweza kuharibika ubongo. Haya ni madhara ya mwili uliokuwapo pale, wa mama au wa kijusi chake. Mama mkwe wako hakuwapo mwaka 1954. Mchumba wako ndiyo kabisa. Mweleze shangazi hivyo, kwa upole, na mwambie habari alizozisikia zina chanzo cha kweli, ila zimevushwa vizazi viwili mbele.

Tuje kwenye swali lako gumu zaidi: nimwamini nani.

Kupima kisiwa si kushika kifaa kinacholia na kutangaza "salama" au "hatari". Kazi yenyewe huwa hivi. Mtu hutembea kwa mistari, akishika kipimo mita moja kutoka ardhini, sawa na kiuno cha mtu, akiandika mionzi ya gama mahali baada ya mahali. Mwingine huchimba udongo kwa tabaka, sentimita tano tano, kwa sababu kilicho juu na kilicho chini huathiri mimea tofauti. Wengine huchuma madafu, nazi, shelisheli na matunda ya mkadi, wakakamata samaki na kaa wa nazi, wakavikausha na kuvipima maabara. Mwisho wanapimwa watu wenyewe: mtu huketi kwenye kiti mbele ya kifaa kinachohesabu mionzi inayotoka mwilini mwake kwa dakika kadhaa, na mkojo wake huchunguzwa kama una plutoniamu, metali yenye mionzi inayotumika katika mabomu. Vituo vya namna hiyo vimejengwa Enewetak, Rongelap na Majuro.

Kumbuka kwamba kila mwili hutoa mionzi, wako na wangu. Potasiamu tunayoila kila siku ina sehemu ndogo yenye mionzi ya asili, na mtu mzima hubeba takriban bekereli 4,000 za hiyo (yaani atomi 4,000 hutoa mionzi kila sekunde) hadi kaburini. Swali la mpimaji ni kiasi gani cha ziada.

Kwenye visiwa hivi cha ziada ni hasa sesiamu-137, ambayo hupungua nusu kila miaka 30. Na hapa kuna jambo ambalo mtu wa pwani utalielewa upesi. Sesiamu inafanana kikemia na potasiamu, na mmea wenye njaa ya potasiamu huifyonza sesiamu badala yake. Kwenye udongo wa mfinyanzi, kama ule wa bara, sesiamu hunaswa na chembe za udongo na mizizi huipata kidogo. Kisiwa cha matumbawe hakina mfinyanzi. Ni mchanga wa chokaa uliojaa kalsiamu, maskini wa potasiamu, na sesiamu haina cha kuinasa, kwa hiyo mnazi huila kwa pupa. Strontiamu-90, ambayo hujifanya kalsiamu na kukimbilia mifupani, imekutana na bahati kinyume: kalsiamu imejaa tele, mmea hauna haja nayo. Wanasayansi waliochunguza vumbi la mabomu wakitumia vipimo vya udongo wa Ulaya na Amerika walikosea hapa. Waliangalia mionzi ya ardhini, wakaona imeshuka, wakasahau dafu.

Kosa hilo lina tarehe. Watu wa Rongelap walirudishwa nyumbani mwaka 1957, na haikuchukua muda sesiamu na strontiamu katika miili yao vikapanda mara nyingi. Mwaka 1968 Rais Johnson alitangaza kwamba watu wa Bikini wanaweza kurudi. Wakarudi familia kwa familia, minazi mipya ikapandwa, na minazi ile ilipoanza kuzaa sesiamu ikapanda miilini mwao, hata mwaka 1978 wakaondolewa tena. Mwaka huohuo wa 1978 Marekani ilifanya uchunguzi mkubwa wa atoli za kaskazini kwa helikopta na meli, na mwaka 1982 ikatoa kitabu kwa lugha mbili, Kimarshall na Kiingereza. Humo watu wa Rongelap wakaona visiwa vya kaskazini mwa atoli yao, walikokwenda kutafuta chakula miaka yote, vimewekwa daraja moja na Bikini iliyokuwa imehamwa. Wakaomba kuhamishwa, wakakawizwa, na Mei 1985 wakaondoka wenyewe, zaidi ya watu 300, kwa meli ya Greenpeace, shirika la kutetea mazingira, iliyoitwa Rainbow Warrior. Miezi miwili baadaye meli hiyo ilizamishwa Auckland, New Zealand, na majasusi wa Ufaransa, ambao nchi yao ilikuwa na mabomu yake ya kulipua katika visiwa vyake vya Pasifiki.

Ongeza jambo moja chungu. Uchunguzi wa afya za watu walioangukiwa na unga ulianza siku chache tu baada ya Bravo, ukiitwa Mradi 4.1, kisha ukaendelezwa kwa miaka mingi na maabara ya Brookhaven ya Marekani. Mwaka 1956 Merril Eisenbud, ofisa wa Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani, alisema katika kikao kwamba ingefaa kupata takwimu za watu wanaoishi mahali palipochafuka namna ile, na kwamba watu hawa wanafanana nasi kuliko panya. Kamati ya rais wa Marekani iliyochunguza majaribio ya mionzi kwa binadamu miaka ya 1990 haikupata ushahidi kwamba watu waliwekwa kwenye unga ule kwa makusudi. Lakini ilikuwa wazi kwamba tiba na utafiti vilichanganywa, na wagonjwa hawakuelezwa kipi ni kipi. Mimi nafanya kazi hii ya vipimo, na siwezi kumlaumu mzee wa Kimarshall anayekataa kumwamini mtu mwenye koti jeupe, hata kama leo vipimo vyake ni sahihi.

Kwa hiyo nikijibu "nimwamini nani", nasema uliza kwanza wamepima kisiwa gani, na mtu anayehesabiwa anakula nini. Tofauti nyingi unazozisoma zinaisha hapo. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilipochapisha ripoti yake kuhusu Bikini mwaka 1998, lilikadiria kwamba mtu atakayeishi huko akila chakula cha kisiwani pekee angepata takriban milisiverti 15 kwa mwaka (milisiverti ni kipimo cha madhara ya mionzi mwilini), wakati wastani wa mionzi ya asili duniani ni 2.4. Akila mchanganyiko wa vya kisiwani na vya dukani, kiasi hushuka mno. Kisiwa kilekile, majibu mawili, na yote ni ya kweli. Ndiyo maana shirika halikupendekeza watu warudi kuishi kwa hali ilivyokuwa, bali lilipendekeza dawa ambayo watafiti wa maabara ya Livermore, Marekani, walikuwa wameijaribu kwa miaka: mbolea ya potasiamu mashambani, na kuondoa udongo wa juu kuzunguka nyumba. Ukiushibisha mnazi potasiamu, sesiamu kwenye nazi hushuka hadi kama sehemu moja ya kumi, pengine chini ya hapo. Jambo hili bado linanifurahisha kila nikilisoma. Mbolea ya gunia inafanya kazi ambayo helikopta haiwezi.

Ile habari ya Chernobyl ilitokana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, waliochapisha mwaka 2019 vipimo vya atoli nne za kaskazini. Ni kazi nzuri, na vichwa vya habari viliitendea vibaya. Walichokisema ni kwamba katika udongo wa baadhi ya visiwa, kama Bikini, Runit na Enjebi kule Enewetak, na Naen kule Rongelap, baadhi ya vitu, ikiwemo plutoniamu, vilizidi vile vilivyopimwa sehemu za Chernobyl na za Fukushima, kinu kingine cha nyuklia kilichoharibika Japani. Naen na Runit hakuna anayeishi. Utirik ilikuwemo katika vipimo hivyohivyo, na ilionekana kuwa na mionzi midogo. Majuro, alikozaliwa mchumba wako, iko mbali upande wa kusini-mashariki na haimo katika mjadala huu.

Basi samaki na mkadi. Samaki wa baharini hawana shida ya mnazi, kwa sababu maji ya bahari yamejaa potasiamu, na sesiamu ndani yake imezimuliwa mno. Samaki wa chumvi unayeletewa atakudhuru kwa chumvi, kama una shinikizo la damu. Mkadi ni tunda linalofyonza sesiamu kweli, na kama ungeniambia limetoka Bikini na unalila kila siku, ningekuambia acha. Likitoka Utirik au Majuro, pakiti moja moja za wageni, hakuna hesabu yoyote inayoweza kulifanya tatizo. Hata sesiamu ikiingia, mwili wa mtu mzima huitoa nusu kila baada ya miezi mitatu hivi. Hili pia ndilo linalomtoa mama mkwe katika hofu: sesiamu aliyoila Utirik utotoni haimo tena mwilini mwake.

Safari nayo. Wakazi wa Utirik wamepimwa miili yao, na kiasi wanachopata kutokana na sesiamu kiko chini sana ya milisiverti moja kwa mwaka. Wewe utakaa wiki kadhaa. Huenda umesikia pia habari za kuba la zege la Runit, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 juu ya shimo la bomu na kufunikia udongo wenye plutoniamu, bila sakafu yoyote chini. Maji ya bahari huingia na kutoka chini yake. Sipendi lilivyojengwa, na watu wa Enewetak wana haki ya kulalamika, ila plutoniamu iliyomo kubani ni kidogo kuliko iliyokwisha kutapakaa kwenye matope ya chini ya maji pale atoli tangu wakati wa milipuko. Halihusiani na Utirik. Msilikwee tu kupiga picha, kama mtajikuta Enewetak.

Jambo moja nakuomba usilifanye: usinunue vidonge vya iodini mtandaoni "kwa kinga". Vidonge hivyo husaidia vikimezwa kabla au mara tu baada ya iodini yenye mionzi kutoka, ili tezi ishibe kwanza. Iodini ya 1954 iliisha 1954. Leo, kwa mtu kama bibi, vinaweza kuvuruga dawa zake. Wala usimpe mtu virutubisho vya potasiamu ukidhani utamwosha kama shamba. Mgonjwa wa figo anaweza kufa navyo.

Sasa turudi kwa bibi. Waliokuwapo Rongelap, Ailinginae na Utirik tarehe 1 Machi 1954 wana mpango maalumu wa matibabu unaogharimiwa na Wizara ya Nishati ya Marekani. Ulizeni kama ameandikishwa. Wengine waliohama walipotea kwenye orodha. Awe amepimwa damu kuona homoni ya tezi iko sawa, angalau mara moja kwa mwaka, maana kipimo cha dawa hubadilika umri unapoongezeka, na kidonge kinywewe tumboni pakiwa patupu, si pamoja na chai ya maziwa au vidonge vya kalsiamu. Akiona kinundu kipya shingoni, sauti ikikwama kwa wiki kadhaa, au kumeza kukiwa kugumu, asisubiri miadi ya mwaka, apelekwe. Uchovu mkubwa, kusikia baridi kuliko wenzake, moyo kwenda mbio bila sababu, hivyo navyo ni vya kumwambia daktari wiki hiyohiyo.

Mchumba wako hahitaji vipimo vya mionzi. Akipata mimba, aende kliniki mapema kama mwanamke yeyote, ataje kwamba bibi yake aliugua tezi, na daktari akiona haja atampima tezi kwa damu, kipimo rahisi. Kama mna hofu isiyoisha, mwoneni mshauri wa magonjwa ya kurithi mara moja kabla ya harusi, mkae wote wawili, muulize yote. Lakini mkiwa hapo ulizeni na kisukari, kwa sababu ndicho kinachowaua Wamarshall wa leo kwa wingi, na kina uhusiano wake na historia hii. Watu waliotolewa kwenye minazi na uvuvi wao wakalishwa mchele, sukari na nyama za makopo kwa miongo. Kila mtu mzima wa nyumba hiyo apimwe sukari, na wewe pia, kama chakula chenu ni kimoja.

Wamarshall wanaoishi Marekani kwa mkataba wa nchi zao mbili walinyimwa Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, tangu 1996, wakarudishiwa Desemba 2020. Wazee wengi wamezoea kuambiwa hawana haki hata hawaulizi tena. Nenda na bibi kwenye ofisi ya bima, uulize wewe. Na wakati wa kupanga miadi omba mkalimani wa Kimarshall. Hospitali zinazopokea fedha za serikali hutakiwa kumtoa bila malipo, na si kazi ya mjukuu kutafsiri habari za matiti na tumbo la bibi yake mbele ya mchumba.